Ulaya wamechanja hadi wakafunga vituo, mbona ICU zinajaa tena? Wataalamu njooni

#1 Mkaa Benchi (28 Novemba 2021)
Wakuu salaam.

Tarehe 4 mwezi huu mkurugenzi wa WHO kanda ya Ulaya, Hans Kluge, alisema Ulaya imerudi kuwa kitovu cha janga la korona, na mwendo ukibaki huu watu nusu milioni wengine wanaweza kufa kabla ya Februari mosi. Tarehe 23 ofisi yake ikaongeza kwamba jumla ya vifo inaweza kuvuka milioni 2.2 ifikapo Machi mosi. Austria walianza kuwafungia ndani wasiochanjwa tarehe 15, wiki moja baadaye wakafungia wote. Rotterdam watu wamepambana na polisi. Ujerumani ndiyo kabisa, waziri wa afya Jens Spahn kasema msimu wa baridi ukiisha kila mtu atakuwa amechanjwa, amepona au amekufa.

Sasa nauliza. Hawa si ndio waliozipata chanjo kabla yetu na kuzihodhi? Kama chanjo inafanya kazi, haya yanatoka wapi? Na kama haifanyi kazi, onyo la kila wiki la "kachanjeni" ni la nini? Nataka majibu ya watu wanaoijua kazi, ya kijiweni ninayo. Nawasilisha.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Kahawa na kashata viko tayari.

#3 Hesabu Kwanza
Mkuu, tuanze na namba ndipo tugombane. Chukua mji wenye wazee 100,000 wa miaka 60 na kuendelea. Ni mfano wa ubaoni, msiutafute kwenye ramani. Waliochanjwa ni 90,000, wasiochanjwa 10,000. Tuseme katika wimbi hili, kati ya kila wasiochanjwa 100 mmoja anaishia ICU. Hao ni 100. Chanjo ikipunguza hatari hiyo kwa asilimia 90, kwa waliochanjwa ni mmoja kati ya 1,000. Hao ni 90. Jumla ICU 190, karibu nusu wamechanjwa, na gazeti litaandika "nusu ya mahututi walichanjwa". Gazeti halijadanganya, na chanjo nayo haijafeli: bila chanjo wangekuwa 1,000.

Sasa waliochanjwa wafike 95,000. Wasiochanjwa ICU wanakuwa 50, waliochanjwa 95. Waliochanjwa wamewazidi wenzao, ila jumla imeshuka kutoka 190 hadi 145. Ukisoma asilimia ya waliochanjwa wodini bila kujua asilimia yao mtaani, hujasoma kitu.

#4 Kijiwe Nongwa
Hiyo asilimia 90 umeichuma mti gani? Mbona tunaambiwa kinga inashuka?

#5 Hesabu Kwanza
Inashuka, na hapo ndipo penye utamu. Rudi kwenye wale wazee 90,000. Kinga dhidi ya kulazwa mahututi ikiwa asilimia 95, ICU wanafika 45. Ikiwa 85, wanafika 135. Kinga imepungua pointi 10 tu, vitanda vinavyohitajika vimekuwa mara tatu. Mwananchi anasikia "bado inakinga kwa asilimia 85" anaona mambo shwari, wakati msimamizi wa wodi anaiona hesabu ya 15 iliyobaki. Wote wawili wanasoma karatasi moja.

#6 Bi Jokofu
Marekebisho madogo kwa #1 kabla uzi haujaenda mbali. "Ulaya" ya Kluge siyo ile ya Umoja wa Ulaya. Kanda ya WHO Ulaya ina nchi 53, zimo Kazakhstan, Uzbekistan, Uturuki, hata Israeli. Ukiichukua namba yake ya vifo ukaibandika juu ya kiwango cha chanjo cha Ureno, umechanganya mafuta na maji.

Halafu ile nusu milioni siyo utabiri. Ni makadirio ya "mwendo ukibaki huu". Siku hiyo hiyo Kluge alisema watu asilimia 95 wakivaa barakoa, hadi vifo 188,000 kati ya hivyo vingeweza kuepukwa. Sehemu hii ya pili haikufika kwenye vichwa vya habari, na ndiyo iliyokuwa na la kufanya.

#7 Mnyamwezi wa Ughaibuni
Naunga mkono #6. Ulaya ni mbili au tatu. Ureno wamechanja kama asilimia 86 ya watu wote, Bulgaria robo tu, Romania hawajafika 40. Ujerumani wako kama 68, Austria kama 66. Romania mwezi Oktoba walikuwa wanazika watu zaidi ya 500 kwa siku, na wagonjwa wengine wakapelekwa nchi za nje kwa kukosa vitanda. Ureno maambukizi yanapanda pia, lakini vifo haviendi hivyo. Kwa hiyo jibu la swali la mleta uzi ni fupi: wanaojaza ICU zaidi ni wale ambao hawajachoma.

#8 Daktari Pori
Fupi mno, mkuu #7. Uholanzi wana asilimia 70 na kitu na wamefunga migahawa na baa saa mbili usiku tangu tarehe 13. Denmark waliondoa masharti yote tarehe 10 Septemba wakatangaza korona si ugonjwa tishio tena kwa jamii, miezi miwili tu cheti cha korona cha kuingilia sehemu za watu kikarudi. Hao siyo Bulgaria.

Tatizo ni Delta, hii aina ya kirusi inayoenea haraka zaidi. Kinga ya jamii inapigiwa hesabu ya moja kutoa (moja gawanya kwa R), R ikiwa ni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza. Kirusi cha mwanzo, mgonjwa mmoja anaambukiza kama 3, unahitaji watu asilimia 67 wenye kinga. Delta ukiiweka kwenye 6, unahitaji 83. Hiyo 83 ni ya kinga inayozuia maambukizi kabisa. Kama chanjo baada ya miezi kadhaa inazuia kuambukizwa kwa asilimia 60 tu, gawanya 83 kwa 0.6, unapata 139. Utachanja watu wote pamoja na kivuli chao na bado hujafika. Serikali ziliendelea kuwaambia watu "tukifika 70 tumemaliza" miezi mingi baada ya hesabu hiyo kufa.

#9 Kijiwe Nongwa
Hii ya kivuli naiiba.

#10 Sista Zamu
Mnasahau muda. Israeli walianza Desemba 2020, dozi mbili za Pfizer kwa siku 21, wakawahi kuliko wote. Wakawahi pia kuona kinga inashuka: kiangazi cha 2021 wimbi likarudi, na tarehe 30 Julai wakaanza dozi ya tatu kwa wenye miaka 60 na zaidi, mwisho wa Agosti wakashuka hadi miaka 12. Ulaya walikuwa na miezi mitatu minne ya kuangalia sinema ya jirani kabla haijaja kwao.

Kwa nini kinga inashuka: sindano ya begani inajaza kingamwili kwenye damu, puani zinafika kidogo. Miezi ya mwanzo zinakuwa nyingi kiasi kwamba hata puani zinatosha. Zikipungua, kirusi kinaanza kupenya puani, unaumwa mafua, ila seli za kumbukumbu zinaamka ndani ya siku chache na mapafu yanapona. Kwa kijana hizo siku chache si kitu. Kwa mzee wa miaka 82 mwenye kisukari zinaweza kuwa nyingi mno. Ndiyo maana dozi ya nyongeza ingeanza na nyumba za wazee, mapema, kwa foleni yao peke yao.

Uingereza walivuta nafasi kati ya dozi hadi wiki 12 tangu mwisho wa Desemba 2020 ili dozi za kwanza zifikie wengi. Walisemwa sana, na bado nafasi ndefu huwa inazaa kingamwili nyingi zaidi kuliko wiki tatu.

#11 Pwani Asilia
Sista, na yale madirisha? Watu wote humu wanazungumza sindano kana kwamba kirusi kinapitia begani. Ulaya Novemba ni watu kujifungia ndani na hita imewashwa. Kipimo rahisi ni hewa ukaa: nje ni kama 420 kwa milioni, darasa la watoto 25 lililofungwa linavuka 1,000 kabla kipindi hakijaisha, na linaendelea kupanda. Hapo mnavuta pumzi mlizotoana. Wajerumani walikuwa na maelekezo safi kabisa tangu 2020: madirisha yote wazi dakika 3 hadi 5, kila baada ya dakika 20, siyo kuachia upenyo mdogo siku nzima. Upenyo unapooza ukuta na hewa haibadiliki. Na barakoa ya FFP2, ile inayochuja angalau asilimia 94, Bavaria waliilazimisha madukani na kwenye mabasi Januari 2021. Ikivaliwa ndevu zikiwa zimejaa au waya wa puani haujabanwa, hewa inapita pembeni na hiyo 94 imebaki kwenye boksi.

Kwangu mimi wimbi hili ni la hewa kwanza, chanjo baadaye.

#12 Daktari Pori
#11 kama ni hewa tu, kwa nini Bulgaria na Ureno zipishane hivyo kwenye vifo? Madirisha ya Lisbon yana nini?

#13 Pwani Asilia
Joto la Lisbon Novemba unalijua? Watu wanakula barazani.

#14 Sista Zamu
Romania ilizika zaidi Oktoba, kabla ya baridi kali. Hewa ni kweli, lakini haielezi yote.

#15 Mkaa Benchi
Nafuatilia. Mpaka sasa nina sababu tano na kila mmoja anasema ya kwake ndiyo mama. Endeleeni.

#16 Bi Jokofu
Ya sita hii hapa, na ndiyo inayoniuma: onyo lilitangulia, kiti cha kuchanjia hakikuwepo.

Ujerumani walifunga vituo vingi vya chanjo mwisho wa Septemba kwa sababu fedha ya serikali kuu iliishia hapo. Tarehe 11 Oktoba wakaondoa vipimo vya bure, wakidhani vitawasukuma watu kuchanja. Tarehe 13 Novemba wakavirudisha. Tarehe 18 Novemba kamati yao ya chanjo ikapendekeza dozi ya nyongeza kwa kila mwenye miaka 18 na kuendelea. Kesho yake, tarehe 19, barua ya wizara ikawafikia madaktari wa mitaani: Pfizer agizeni mwisho dozi 30 kwa wiki kila kliniki, vituo vya chanjo dozi 1,020 kila kimoja, zilizobaki tumieni Moderna kwa sababu akiba yake ingeisha muda mapema 2022. Wiki moja kabla ya hapo kamati ile ile ilikuwa imesema walio chini ya miaka 30 wasipewe Moderna kwa ajili ya uvimbe wa misuli ya moyo, nadra lakini upo.

Jiweke kwenye kiti cha mhudumu wa mapokezi. Umeshapanga watu 120 wa Pfizer wiki ijayo. Unapata vichupa 5. Unapiga simu 90, unaeleza kwa nini sasa ni Moderna, unawachuja walio chini ya miaka 30, unaeleza kwa nini dozi ya nyongeza ya Moderna ni nusu. Wakati huo waziri yuko kwenye runinga anasema mtachanjwa, mtapona au mtakufa.

#17 Kijiwe Nongwa
Ngoja, vichupa 5 dozi 30? Mimi nilijua kichupa cha Pfizer ni watu watano.

#18 Bi Jokofu
Kilikuwa watano kwenye karatasi hadi tarehe 8 Januari 2021, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipokubali sita. Hesabu yake ni nzuri, kaa chini.

Kichupa cha kifuniko cha zambarau kinakuja na mililita 0.45 zilizoganda. Kinayeyuka, unakipindua taratibu mara 10 bila kutikisa, unaongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi ya 0.9%. Kabla ya kuchomoa sindano unavuta mililita 1.8 za hewa, la sivyo presha itarusha dawa nje. Unakipindua tena mara 10. Sasa una mililita 2.25. Dozi ni 0.3, sita ni 1.8, inaonekana kuna ziada ya kutosha. Lakini kila sirinji inabakiza dawa kidogo kwenye shingo yake. Sirinji ya kawaida ikibakiza 0.08, unatumia 0.38 kwa kila mtu, sita ni 2.28. Umepungukiwa 0.03 na mtu wa sita anarudi nyumbani. Sirinji inayobakiza isiyozidi 0.035 inakula 0.335 kila mara, sita ni 2.01, umepona. Ndiyo maana Januari ile nchi zilikuwa zinakimbizana kutafuta sirinji, siyo chanjo tu.

Na masalia ya kichupa kimoja hayachanganywi na ya kingine kutengeneza dozi. Dawa haina kihifadhi, ukichanganya unaeneza uchafu wa kichupa kimoja kwenye vyote. Ukishaongeza maji una saa 6, halafu ni pipa la taka. Hapo ndipo kliniki ndogo zinapopoteza: watu wanne wamefika, wawili hawajatokea, saa kumi na moja jioni.

#19 Mfamasia Mstaafu
Naongezea kwa #18: kwa Moderna ya nyongeza kichupa kinatoa nusu dozi, mililita 0.25, lakini kifuniko cha mpira kisitobolewe zaidi ya mara 20 hata kama dawa imebaki. Mpira unaanza kumomonyoka. Na friji: Pfizer iliyoyeyushwa hapo mwanzo ilikaa nyuzi 2 hadi 8 kwa siku 5 tu, Mei 2021 ikaongezwa hadi mwezi mmoja. Badiliko hilo moja ndilo lililoiruhusu kufika kwa daktari wa kijijini. Kosa la kawaida ni kuweka boksi karibu na ukuta wa nyuma wa friji. Pale inaganda tena, na chanjo iliyoyeyuka haigandishwi mara ya pili.

#20 Siti ya Mbele
Nilikuja kwa ugomvi, naondoka na diploma.

#21 Mnyamwezi wa Ughaibuni
Turudi kwenye mada. Bi Jokofu #16 anaeleza Ujerumani vizuri, ila Romania chanjo zilikuwepo. Zilizidi hadi wakawauzia Denmark dozi zaidi ya milioni moja kiangazi hiki. Viti vilikuwepo, watu hawakuja. Hapo tatizo ni imani kwa serikali. Mtu aliyekulia chini ya utawala uliomdanganya miaka 40 akisikia onyo kutoka kwenye runinga ya taifa, anaanza kujiuliza wanaficha nini. Ureno walimweka mwanamaji, Henrique Gouveia e Melo, akavaa magwanda ya kijeshi na kuiendesha kazi kama usafirishaji wa vifaa, siasa pembeni.

#22 Kijiwe Nongwa
Romania nao kampeni iliongozwa na mwanajeshi, daktari Valeriu Gheorghiță. Magwanda hayakusaidia. Tafuta sababu nyingine.

#23 Mnyamwezi wa Ughaibuni
Hapo umenibana. Lakini magwanda sikuyataja kama dawa. Ureno walikuwa na zahanati za umma ambazo watu wamezizoea kwa chanjo za watoto miaka yote, na wazee waliitwa kwa majina yao kutoka kwenye daftari la zahanati.

#24 Hesabu Kwanza
Nataka kuisema Austria kabla uzi haujahama. Amri ya kuwafungia wasiochanjwa ilianza 15 Novemba. Mtu akishtuka siku hiyo hiyo akachoma Pfizer, dozi ya pili ni 6 Desemba, kinga kamili wiki mbili baadaye, 20 Desemba. Ile ya kufungia wote iliyoanza 22 Novemba imepewa siku 20 mwisho. Yaani adhabu inaisha kabla dawa haijaanza kazi. Kama kuna kitakachoshusha maambukizi mwezi huu ni kufunga milango. Chanjo za Novemba ni za Januari. Wanasiasa wanazitangaza kama zima moto.

#25 Daktari Pori
Na vipimo vya hatari vyenyewe vinachelewa. Tarehe 18 Novemba Ujerumani walikubaliana ngazi tatu kwa idadi ya wanaolazwa kwa kila watu 100,000 ndani ya siku saba: ikivuka 3, migahawa ni kwa waliochanjwa au waliopona tu. Ikivuka 6, hao nao wapime. Ikivuka 9, hatua kali zaidi. Inapendeza kwenye karatasi. Shida ni kwamba mgonjwa anahesabiwa kwa tarehe ambayo maambukizi yake yaliripotiwa, siyo siku aliyolazwa. Ukipimwa leo ukalazwa baada ya siku 10, unaongezwa kwenye namba ya siku 10 zilizopita, ambayo haitazamwi tena. Namba ya leo siku zote ni ndogo kuliko ukweli, na wimbi likipanda haraka pengo linakua. Siku ya kusoma 6 mlishavuka 9.

#26 Msimamizi
Ndugu, matusi kwa mataifa ya watu yamefutwa. Uzi ni wa afya, ubaki hapo.

#27 Pwani Asilia (2 Desemba 2021)
Na hii aina mpya ya kirusi, Omicron? Afrika Kusini wametoa taarifa tarehe 24, WHO wakaipa jina tarehe 26, siku hiyo hiyo Ulaya ikafunga ndege za kusini mwa Afrika. Sasa Uholanzi wamekuta kirusi hicho kwenye sampuli zao za tarehe 19 na 23. Kilikuwa kimeshafika, kinakunywa kahawa Amsterdam. Asiyepima haadhibiwi, anayepima ndiye anayefungiwa mlango. Hilo nalo ni onyo, kwa nchi nyingine zinazofikiria kutangaza mapema.

#28 Sista Zamu
#27 sahihi, ongeza na hili. Tarehe 12 Novemba Tedros, mkuu wa WHO, alisema kila siku dozi za nyongeza zinazotolewa duniani ni mara sita ya dozi za kwanza katika nchi maskini. Tangu Agosti alikuwa anaomba nyongeza zisitishwe kwa watu wenye afya njema. Mimi niliyesema #10 wazee waanze mapema sijipingi: mzee wa Dresden na nesi wa Kitale wote wanatangulia mbele ya kijana wa miaka 25 wa Munich.

#29 Daktari Pori
Kimaadili sawa. Kivitendo, dozi iliyoyeyuka Munich haiwezi kupanda ndege kwenda Kitale. Uamuzi ulitakiwa kiwandani, miezi sita nyuma.

#30 Dada Mizigo
Habari zenu wakuu. Naingilia na jambo la vitendo. Mzee wangu Mombasa amechomwa AstraZeneca mbili, cheti kimeandikwa Covishield. Ufaransa anaambiwa sawa, nchi nyingine ya Ulaya wanamwambia haitambuliki. Ni dawa moja au mbili?

#31 Mfamasia Mstaafu
Dawa ni ile ile, kiwanda tofauti. Covishield inatengenezwa India na Serum Institute, na ndiyo iliyokuja Kenya na Uganda Machi 2021 kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya inaidhinisha bidhaa pamoja na kiwanda chake, na kiwanda hicho hakimo kwenye kibali chao. WHO wao wameiorodhesha. Sheria ya cheti cha Ulaya inazilazimisha nchi kukubali chanjo zilizoidhinishwa na Ulaya tu, za WHO ni hiari ya kila nchi. Kwa hiyo aangalie masharti ya nchi anayoshukia ndege, siyo anayoishia tu. Abebe kadi halisi yenye namba ya toleo la kichupa, na jina kwenye cheti lifanane herufi kwa herufi na pasipoti. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kuliko hata kwenye aina ya chanjo.

#32 Mkaa Benchi (19 Januari 2022)
Naufufua uzi. Bongo wengi tuna Johnson ya sindano moja, zile dozi 1,058,400 za kwanza zilizotoka Marekani Julai. Tangu tarehe 15 mwezi huu Ujerumani wanasema sindano moja ya Johnson si chanjo kamili tena, na aliyepona anatambuliwa siku 90 badala ya miezi sita. Yaani mtu amelala amechanjwa, ameamka hajachanjwa?

#33 Sista Zamu
Ndivyo. Kitabibu dozi ya pili ina mantiki: kamati yao iliishasema tangu Oktoba waliopata Johnson waongezwe chanjo ya mRNA (Pfizer au Moderna) kuanzia wiki nne, kwa sababu kati ya waliochanjwa wao ndio waliokuwa wanaumwa zaidi. Ubaya ni kubadilisha sheria usiku bila siku za kujipanga. Kila badiliko la namna hii linawapa wasioamini mfano mpya, na mfano huo ni wa kweli.

#34 Kijiwe Nongwa (10 Machi 2022)
Austria jana wameisimamisha sheria yao ya kulazimisha chanjo. Ilianza 5 Februari, faini hadi euro 3,600, ukaguzi wa polisi ulikuwa uanze katikati ya mwezi huu. Hakuna aliyetozwa. Wako wapi waliosema #24 ni mchokozi?

#35 Hesabu Kwanza
Hakuna aliyesema mimi mchokozi, umeota. Ila linganisha: Italia walilazimisha kuanzia miaka 50, faini euro 100. Ugiriki kuanzia miaka 60, euro 100 kila mwezi. Ndogo, kwa umri ambao ndio unaolazwa, na inakatwa kupitia daftari la kodi. Austria walitaka kila mwenye miaka 18. Ukishawajumuisha vijana ambao Omicron inawapitia kama mafua, umejitafutia maandamano bila kupunguza kitanda hata kimoja.

#36 Daktari Pori
Au Omicron ndiyo iliyoiua sheria, siyo umri. Ingekuwa bado ni Delta, ile 3,600 ingetozwa na mngeisifu.

#37 Pwani Asilia
Na madirisha bado yamefungwa.

#38 Dada Mizigo
Wakuu, la mwisho. Dada yangu Antwerp alichoma Pfizer ya pili 20 Julai 2021, hana nyongeza. Anasafiri kwenda Lisbon 20 Aprili. Cheti kitamfikisha?

#39 Mfamasia Mstaafu
Hakitamfikisha. Tangu 1 Februari, kwa safari ndani ya Umoja wa Ulaya, cheti cha dozi za msingi ni siku 270 kutoka dozi ya mwisho. Kuanzia 20 Julai zinatimia 16 Aprili, siku nne kabla ya ndege. Achome nyongeza mwezi huu, hiyo kwa sasa haijawekewa ukomo. Na akishachoma apakue cheti kipya kwenye simu, kile cha zamani hakijibadilishi chenyewe. Msimbo anaouonyesha mlangoni ndio unaosomwa, hata kama begani ana sindano tatu.

#40 Dada Mizigo
Shukrani mzee. Nampigia sasa hivi.